Msiondoke Kabla ya Hesabu

Jioni ya tarehe 4 Julai 2005, nje ya darasa moja hapa Buyenzi, bibi mmoja alikataa kurudi nyumbani. Foleni ilikuwa imekwisha, vumbi la kiangazi limetua, vijana wamekwenda zao kunywa chai. Ndani ya darasa wasimamizi walikuwa wamewasha taa na kumwaga bahasha juu ya madawati. Bibi alikuja na kigoda chake tangu alfajiri, kile wanachokalia mama zetu wakipepeta mchele. Alikiweka chini ya dirisha, akakaa. Askari akamwambia kwa adabu, "Bibi, umeshapiga kura, nenda kapumzike." Akajibu, "Kupiga nimepiga, baba. Sasa nasubiri ihesabiwe."

Nilikuwa nimesimama karibu. Nikamuuliza kama haoni baridi, na kama hajui kwamba hesabu itachukua usiku mzima. Akanitazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyeuliza swali la kipumbavu, akaniambia, "Mwanangu, mwaka ule wa Rwagasore tulipiga kura, tukaenda kupika pilau na kupiga ngoma. Hatukukaa."

Hatukukaa! Ndugu zangu wa Bujumbura, neno hilo nimelibeba miaka ishirini na zaidi, na limekuwa zito kifuani mwangu. Nimeliona likitimia uchaguzi baada ya uchaguzi. Leo nimeamua kulichapa kwenye karatasi, lifike Buyenzi na Bwiza, Kamenge na Kinama, Musaga na Nyakabiga, limsomewe na asiyejua kusoma. Sina chama ninachokipigia debe. Nina jambo moja tu, nalo ni hili: kura ya mji huu haijawahi kupotea ndani ya sanduku. Imepotea baadaye, wakati wenyewe tumeshaondoka.

Waislamu na Wakristo tunagombana kwa mengi, lakini hapa tuko safu moja: iko Siku ya Hesabu, na hakuna atakayesema siku hiyo, "Nilikuwa na haraka, nikaondoka mapema." Wazee wetu wafanyabiashara walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi tufungue daftari. Tusome tulichoweka na kilichochukuliwa.

Ukurasa wa kwanza wa daftari hauna kura kabisa. Uko katika miaka ya 1950, Buyenzi ikiwa mtaa wa Waswahili uliopangwa na Wabelgiji kwa njia zake zilizonyooka zenye namba. Mkoloni alibuni kodi ya kumtoza mwanamke wa mjini anayeishi bila mume: mjane, mtalikiwa, hata mama mtu mzima aliyekuwa mke wa pili, ambaye ndoa yake sheria yao haikuitambua. Hebu mfikirieni mjane wa Kiislamu, anayeswali swala tano, anaitwa mbele ya karani alipe kodi inayomweka kundi moja na malaya! Wanawake wa Buyenzi waligoma. Walipaza sauti mpaka serikali ikatetemeka. Hawakuwa na kura wala mbunge, na wengi hawakujua kuandika majina yao. Lakini walijua kuhesabu walichodaiwa, na walijua kusema hapana.

Mama zangu, dada zangu, nyinyi ni uzao wa wanawake wale. Mtu asiwaambie kwamba siasa ya mji huu ililetwa na wanaume wenye tai.

Kisha akaja Louis Rwagasore, mtoto wa Mwami Mwambutsa. Mwaka 1957 alianzisha ushirika wa wafanyabiashara, na wafanyabiashara wa Buyenzi wakajiunga naye. Mnalijua jambo hilo kwa masimulizi, lakini lifikirini uzito wake. Sisi tulikuwa tukiitwa watu wa kuja. Tulikuwa mchanganyiko wa Wamanyema wa Kongo, watu wa pwani na Warundi waliosilimu, na mtoto wa mfalme akaja kukaa barazani petu, akala chakula chetu, akaongea nasi Kiswahili. Uchaguzi wa makomine wa mwishoni mwa 1960 ulipofika, Wabelgiji walikuwa wamemfungia ndani. Chama cha PDC kikashinda viti vingi kuliko UPRONA, chama cha Rwagasore. Mtu mwenye moyo mdogo angesema yamekwisha.

Hayakuisha. Tarehe 18 Septemba 1961, katika uchaguzi wa wabunge ambao wanawake nao walipiga kura, UPRONA ilichukua viti 58 kati ya 64. Hamsini na nane! Wale mama waliogomea kodi sasa waliingia kituoni na karatasi mkononi. Bibi yangu wa kigoda alikuwa pamoja nao, msichana mwenye mtoto mgongoni.

Na ndiyo siku waliyokwenda kupika pilau.

Hesabuni nami. Kutoka tarehe 18 Septemba hadi tarehe 13 Oktoba ni siku 25. Siku ya ishirini na tano Rwagasore, waziri mkuu, alipigwa risasi akiwa mezani kwenye Hotel Tanganyika, kando ya ziwa letu. Bunduki ilishikwa na Mgiriki aliyeitwa Kageorgis, lakini njama ilisukwa na wakubwa wa chama kilichoshindwa, na mahakama ilithibitisha hivyo. Amezikwa Vugizo, juu ya mji, na kila mwaka viongozi hupanda kule na mashada ya maua. Mimi nasema mashada hayatoshi. Tulikuwa tumemwajiri mtu kazi kubwa, na hatukujua nani anamchukia na nani anakutana usiku na nani. Tulidhani kura ni talasimu, ukishaivaa hakuna baya litakalokugusa.

Yaliyofuata nitayapitia upesi, maana yanachoma. Mei 1965 tulichagua tena, viti 33, na waliochaguliwa wengi walikuwa Wahutu. Mfalme akaipita hesabu hiyo na kumpa uwaziri mkuu Léopold Biha, mtu wa ikulu yake. Oktoba likatokea jaribio la mapinduzi, na baada yake wabunge wengi wa Kihutu wakauawa, spika wao akiwemo. Tazameni jinsi deni linavyozaa deni: hesabu iliyopuuzwa Mei ilirudi ikiwa damu kabla mwaka haujaisha. Mwaka uliofuata ufalme wenyewe ukaanguka, mwanajeshi Micombero akatangaza jamhuri, na nchi ikakaa hadi 1982 bila kuchagua bunge. Mtoto aliyezaliwa siku ya uchaguzi wa 1965 alikuwa na ndevu uchaguzi mwingine ulipofika. Nao ulikuwa wa chama kimoja, mnapewa majina mawili kwa kila kiti, yote mawili ya UPRONA. Sina zaidi la kusema juu yake.

Mwaka 1993 nasimama tena, kwa sababu wengi wenu mlikuwepo. Tarehe 1 Juni, katika uchaguzi wa rais, Melchior Ndadaye alimshinda Buyoya, rais aliyekuwepo, kwa kura karibu mbili kwa moja. Tarehe 29 Juni chama chake FRODEBU kikapata viti 65 vya bunge na UPRONA 16. Mnakumbuka foleni zile? Mnakumbuka ukimya ule, watu wameshika kadi kama walioshika msahafu? Buyoya alikubali kushindwa, dunia ikapiga makofi, nasi tukapiga makofi na kurudi gereji zetu na soko letu. Ndadaye aliapishwa Julai. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba wanajeshi walimtoa ikulu, wakamuua. Na waliuawa pia Pontien Karibwami, spika wa bunge, na Gilles Bimazubute, makamu wake. Mmoja Mhutu, mmoja Mtutsi. Wauaji walijua walichokuwa wakifanya. Walikwenda moja kwa moja kwa wale ambao katiba ilisema watashika nchi rais akifa. Wao walikuwa wameisoma katiba, ndugu zangu. Sisi tulioipigia kura tulikuwa tumelala.

Nyinyi mnaoukumbuka Machi 1995 hamhitaji kuelezwa. Buyenzi na Bwiza, mitaa ambamo Mhutu na Mtutsi na Mkongo walikuwa bado wanachota maji bomba moja, ilitapishwa watu wake kwa siku chache. Walivuka kwenda Uvira na magodoro kichwani, wengine wakaishia Kigoma. Chukua orodha ya wapiga kura ya 1993, tembea nayo njia kwa njia, bisha hodi. Utabisha wapi ukaitikiwa? Hiyo ndiyo gharama ya kuacha hesabu mikononi mwa wengine. Vita vilivyofuata kifo cha Ndadaye viliua watu wanaokadiriwa laki tatu.

Sasa nirudi kwenye kigoda. Mwaka 2005, baada ya mapatano ya amani ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000 na katiba mpya, tulichagua bunge tena. Mpiga kura alipewa karatasi za vyama vyote. Aliyoitaka aliitia katika bahasha nyeupe, zilizobaki katika bahasha nyeusi. Mfumo huo ulikuwa na tundu: mnunuzi wa kura aliweza kumwambia maskini, niletee zile karatasi ulizozikataa, nione hukuniacha. Bibi alilijua tundu hilo. Alimkemea kijana mmoja hadharani pale kwenye foleni, akamwambia kurudisha karatasi mfukoni ni sawa na kurudisha mahari ya dada yako.

Usiku, dirishani, nilisimama nyuma yake. Msimamizi alichomoa karatasi kutoka bahasha nyeupe, akaiinua juu, akataja chama. Mawakilishi wa vyama wakanyoosha shingo. Mwenzake akachora kijiti ubaoni kwa chaki. Vijiti vinne, na cha tano kinalala juu yao. Bibi hakujua kusoma. Alikuwa na punje za mahindi kwenye khanga yake, na kila karatasi iliyoinuliwa alihamisha punje moja kutoka upande huu kwenda upande ule. Mara moja msimamizi alichanganya, akachora kijiti mstari usio wake. Kutoka gizani ikasikika sauti ya mwanamke mzee: "Hapana, baba. Hiyo si ya hao." Wakasimama. Wakaangalia tena. Wakafuta.

Kijiti kimoja kilifutwa, Bujumbura, kwa sababu bibi mmoja hakwenda kulala!

Chama cha CNDD-FDD kilishinda uchaguzi ule, viti 64 kati ya 118, tukihesabu na walioongezwa kukamilisha mgawo: Wahutu asilimia 60, Watutsi asilimia 40, wanawake wasiopungua asilimia 30, na Watwa watatu. Mgawo huo ulituliza bunduki, nami naushukuru. Ila Mswahili wa Buyenzi, ambaye baba yake Mmanyema na mama yake Mrundi, hana fungu lake humo. Yeye kinga yake ni kura peke yake. Ndiyo maana nasema sisi kuliko wote hatuna ruhusa ya kuipuuza.

Na sasa nikiri. Mwaka 2010, baada ya uchaguzi wa makomine wa Mei, vyama kadhaa vya upinzani vililalamikia matokeo, vikajitoa. Julai uchaguzi wa bunge ulipofika, mimi nilikaa nyumbani. Nilijiona mwerevu. Nilisema, kwani kuna nini cha kuchagua? CNDD-FDD ikapata viti 81 kati ya 106. Sikuja kupiga, sikukaa kuhesabu, na miaka mitano nilikuwa nalalamika barazani kama mtu aliyedhulumiwa. Nimeomba toba kwa jambo hilo. Viongozi wa vyama walio hai, nanyi nawaambia bila kuwaficha: mchezaji akitoka uwanjani akiwa na haki, goli huingia vilevile. Mwaka 2015, mji ukiwa umetoka kwenye maandamano ya Aprili na jaribio la mapinduzi la Mei, muungano wa Amizero y'Abarundi ulitangaza kujitoa, lakini jina lake lilibaki kwenye karatasi, na watu wakaupigia hivyo hivyo. Ukapata viti 30. Wananchi waliwatangulia viongozi wao. Viongozi walitoka, wananchi walibaki.

Mwaka 2020 chama cha upinzani cha CNL kilipata viti 32, CNDD-FDD 86. Mwaka 2024 wakubwa wa CNL wakapokonyana uongozi, kiongozi wao Agathon Rwasa akaondolewa kwenye usukani. Na tarehe 5 Juni 2025 viti vyote 100 vilivyopigiwa kura vikaenda kwa chama kimoja, kwa zaidi ya asilimia 96 ya kura zilizotangazwa. Wapinzani walipinga. Sikuwa katika kila kituo, kwa hiyo sitasimama hapa kuapa kwa nisiloliona. Lakini nauliza, na ninataka kila mmoja ajiulize akiwa peke yake: katika mji ambamo kwa miezi mingi watu wamelala kwenye foleni za petroli, katika mji wenye maoni mengi kama samaki wa ziwa, je, tulikuwa na maoni mamoja kweli? Na kama la, ni nani alikuwa dirishani na punje za mahindi?

Jambo jingine lilipita siku hiyo, nasi hatukuliona. Zamani Buyenzi ilikuwa komine, na mji ulikuwa na komine 13. Kisha, kabla ya uchaguzi wa 2015, zikafanywa tatu, Muha, Mukaza na Ntahangwa, nasi tukawa zoni ndani ya Mukaza. Jiji lenyewe lilibaki mkoa wake, na orodha yake ya wabunge. Sasa mikoa 18 imekuwa mitano, na mkoa wa Bujumbura umemeza Bujumbura Rural, Bubanza na Cibitoke. Kura ya fundi gereji wa Buyenzi iko kapu moja na ya mkulima wa mpunga kule bondeni mwa Rusizi. Yule mkulima ni ndugu yangu, ananilisha, simkatai. Lakini shida ya mtaro wa maji machafu mbele ya nyumba yangu si shida yake, na shida ya mbolea yake si yangu, na aliyewekwa kwenye orodha ya chama atatuambia wote wawili kwamba yeye ni wa mkoa mzima. Mpaka unaposogezwa, mtu husogezwa nao akiwa amekaa palepale.

Basi nawasihi. Nawasihi kwa jina la waliozikwa bila sanda mwaka ule wa 1993. Sisemi shikeni mawe. Jiwe ndilo lililotufikisha hapa. Nasema shikeni daftari. Wiki hii, kila nyumba itafute majina ya wanaokaa bungeni Kigobe kwa ajili ya mkoa huu. Kigobe si mbali, wengine mnapita pale kila asubuhi na mabasi. Majina hayo yaandikeni nyuma ya mlango, pale mnapobandika kalenda. Watoto wayajue kama wanavyojua wachezaji wa timu ya Vital'O. Mbunge akija kwenye harusi, mpeni chakula, kisha muulizeni kwa heshima: mzee, sheria ya mwisho uliyoipigia kura ilisemaje? Muulizeni tena kwenye msiba. Muulizeni tena kwenye futari. Asiyependa kuulizwa asiombe kuchaguliwa.

Vijana mnaotumwa kuwasukuma watu kwenye foleni, mnaohesabu nani kaja na nani hakuja: mama yenu yumo kwenye foleni hiyo. Mkizoea kuwahesabu watu badala ya kura, siku moja nanyi mtahesabiwa. Na nyinyi walimu mtakaokaa mezani usiku wa matokeo na chaki mkononi, najua mshahara ni mdogo na wakubwa wana simu. Chaki ile ni ushahidi. Utasimama nayo mbele ya Mola wako, vumbi lake bado likiwa kwenye vidole.

Uchaguzi wa rais ni mwaka 2027. Msije na kadi peke yake. Njooni na taa, njooni na chupa ya chai, njooni na shuka la kujifunika. Wakiwaambia msogee mita kadhaa kwa mujibu wa sheria, sogeeni, msibishane, lakini msiondoke. Kaeni kimya, mkihesabu.

Bibi yule alitutoka zamani. Kigoda kiko kwa mjukuu wake, nyuma ya mlango, na wiki iliyopita nilikwenda kukitazama. Mguu mmoja umelegea. Nimekipeleka kwa seremala karibu na soko la Ruvumera, naye amesema nikipitie Ijumaa baada ya swala.